Mwalimu na Mpira Wangu Uliopinda Kulia

Kama kuna mtu aliyeweza kunikasirisha kwa neno moja tu, ni Mwalimu, na neno lenyewe lilikuwa "tena." Ukipiga mpira vizuri: "Tena." Ukipiga vibaya: "Tena." Ukiukosa kabisa, ukachimba ardhi, mchanga ukakuingia machoni mbele ya watu, alingoja upanguse uso, halafu akasema kwa sauti ile ile ya mtu anayeagiza kahawa, "Tena." Miaka minane nilisimama mbele ya kiti chake cha plastiki, ambacho mguu wake mmoja ulikuwa umefungwa kwa waya, na kwa miaka minane mpira wangu ulipinda kulia.

Alikuwa akifundisha gofu kwenye uwanja wa kisiwani kwetu, ule ulio juu ya majabali, bahari ikiwa chini yake. Wakubwa kwa wadogo walimwita Mwalimu, nami sitamwita jina jingine hapa. Alikozaliwa sikujui wala sikuuliza. Najua tu kwamba ujanani alibeba mifuko ya wachezaji, kwamba hakuna aliyemfundisha, na kwamba alijifunza kwa kutazama migongo ya watu aliokuwa akiwafuata nyuma. Labda ndiyo maana mpaka uzeeni hakuutazama mpira. Mpira ukiruka sote tuliinua vichwa kuufuata. Yeye alibaki anakutazama wewe uliyeupiga.

Lazima niueleze ugonjwa wa mpira wangu, maana ndio uliotukutanisha na ndio uliotugombanisha. Uliondoka vizuri. Hilo ndilo lililoniumiza. Ungekuwa unaondoka vibaya ningejua moja, nikauza fimbo nikakaa nyumbani. Lakini uliondoka sawasawa, kwa adabu zake, ukapanda, watu wakaanza kusema mashaallah, halafu katikati ya safari ukaelekea kulia, ukazidi, ukazidi, mpaka ukapotea. Katika uwanja wa mazoezi kulia ni nyasi, hakuna hasara. Lakini kwenye shimo la tatu kulia ni bahari. Samaki wa upande ule wa kisiwa wanaijua mipira yangu kuliko ninavyoijua mimi.

Kazi yangu ni kuwatolea watu mizigo bandarini Kilindini. Katika kazi hiyo kila tatizo lina jina. Kontena imekwama kwa sababu karatasi haina muhuri, au muhuri upo na sahihi haipo, au sahihi ipo na mwenye sahihi amekwenda kula. Ukishalijua jina la tatizo, umeshalimaliza nusu. Kwa hiyo nilipokwenda kwa Mwalimu mara ya kwanza nilitaka jina. Nilipiga mipira mitatu, yote mitatu ikapinda, nikageuka.

"Mwalimu, kosa langu ni lipi?"

Alishika ndevu. Akaitazama bendera iliyokuwa mbali kule shimoni. Akaitazama kwa muda mrefu sana, nami nikadhani anapiga hesabu kubwa.

"Ni upepo, mwanangu," akasema. "Ndoo hapa asubuhi, kabla haujaamka."

"Upepo?"

"Upepo."

Nilisimama nikafikiri. Mimi si mtaalamu wa upepo, lakini mashavu ninayo. "Mwalimu, upepo watoka baharini. Mpira wangu wenda baharini. Huo ni upepo gani unaovuta?"

"Tena," akasema Mwalimu.

Ningeweza kuvumilia kama angekuwa mtu wa kunyamaza kwa kila mtu. Lakini na wanaume alikuwa na ulimi kama wembe. Kulikuwa na meneja mmoja wa benki, mtu mzito, anayeheshimiwa mji mzima. Mwalimu alimwambia mbele yetu: "Bwana mkubwa, hilo tumbo lako limetangulia. Lirudishe nyuma kwanza, mikono ipate ndia ya kupita." Meneja akacheka, akalirudisha, na Jumamosi ile ile mpira wake ukanyooka. Wengine aliwashika mabega akawageuza kama mtu anayegeuza kabati. Aliwapanua miguu kwa ncha ya kiatu. Alikuwa na kitaulo cheupe, cha kufutia jasho, ambacho alikikunja mara nne akawasukumia kwapani, kwapa la kushoto, na kuwaambia: "Piga. Taulo likianguka, umekosa." Ndani ya wiki mbili tatu mtu alikuwa amepona. Nilikuwa nawatazama wakipona mmoja mmoja, wakija wagonjwa na kuondoka wazima, na mimi niko pale pale kama mgonjwa aliyesahauliwa wodini.

Na usidhani kwamba hakujua kupima. Alikuwa na kopo la poda, ile ya watoto wachanga, akaipaka kwenye uso wa fimbo kabla hujapiga. Ukishapiga, mpira uliacha alama kwenye poda, naye aliisoma alama ile kama daktari anavyosoma picha ya mfupa. Pia aliinama kwenye nyasi, akaweka kidole kwenye mkwaruzo ulioachwa na fimbo, akaufuata kidole kwa kidole aone umeelekea wapi. Mkwaruzo wangu ulielekea kushoto kila mara. Nilimwona akiufuata. Nilimwona akitikisa kichwa, akafungua mdomo, nami nikasema leo ndiyo leo. Akaufunga mdomo. Akasimama, akajipangusa magoti.

"Upepo," akasema.

Wallahi nilitamani kulia.

Kile kitaulo hakuwahi kunitilia. Hata kopo la poda aliniwekea chini, kwenye nyasi, akarudi nyuma hatua mbili ndipo mimi nilichukue. Kuhusu taulo aliniambia, huku akionyesha kwapa lake mwenyewe na macho yake yakiwa kwenye ile bendera, "Mwambie dadako akutilie. Nyumbani. Chumbani, mlango umefungwa." Dada yangu anaamini kwamba gofu ni mchezo wa kutafuta vitu vilivyopotea. Hata hivyo alinitilia taulo, akakaa kitandani na bakuli la bisi, nami nikapiga ndara zake mpaka zikaisha mvunguni. Taulo halikuanguka hata mara moja. Nikarudi kwa Mwalimu na habari hizo.

"Halikuanguka," nikamwambia.

"Najua."

"Basi mbona mpira wapinda?"

"Kwani chumbani mna upepo?"

Nilikuwa na fimbo mkononi. Namshukuru Mungu aliyenizuia.

Ajabu ni kwamba alfajiri, aliponilazimisha kuja kabla jua halijapanda vizuri, wakati bendera imelala kwenye mlingoti wake, mpira wangu ulikwenda mbele. Ulikwenda mbele! Mwalimu alinyanyua mikono miwili kama shahidi aliyekwisha sema yake. "Waona?" akasema. "Naona nini?" nikamwuliza. "Waona?" akarudia, akinitazama usoni kwa mara ya kwanza, akiningoja nimalize mwenyewe. Mimi sikumaliza kitu. Saa tatu upepo ukaamka, na mpira ukarudi kwenye tabia zake.

Alikuwa na mambo yake mengine ya kumtoa mtu roho. Alikataza mtu kula kabla ya mazoezi, ati tumbo zito hulaza mikono, na yeye mwenyewe alifundisha na hamri mkononi na chai ya maziwa miguuni. Ukichelewa dakika tano alikutolea hotuba ya nusu saa, na hotuba hiyo ndiyo iliyomaliza muda wako. Yeye akichelewa, alisema ni tuk-tuk. Alizidharau fimbo mpya, za rangi rangi, akasema zimetengenezwa kwa ajili ya kutazamwa. Lakini mtu akija nayo mpya, alikuwa wa kwanza kuiomba, akaipima uzito, akaipapasa, akakaribia kuibusu. Mwenyewe hakupiga mpira mbele yetu. Ukimwomba akuonyeshe, alikuuliza: "Ukimwona mwingine akila, wewe hushiba?" Nami nilikuwa na jibu zuri sana la swali hilo, lakini yeye ni mzee, nikalimeza.

Nasema haya kwa hasira, na hasira ninayo, lakini sitaki mtu afikiri kwamba nilikuwa pale kwa kukosa pa kwenda. Nilianza gofu baada ya kufiwa na mume wangu. Nilitaka mahali pa kwenda Jumamosi ambapo hakuna atakayenipa pole. Kwetu Bondeni walisema waliyosema: mwanamke mzima, mjane, suruali na fimbo, kutwa juani na wanaume. Siku yangu ya kwanza uwanjani wanaume wawili walicheka, si kwa siri, na mimi nikaanza kufunga mfuko wangu niondoke. Mwalimu alisimama. Alikuwa mfupi, na alipovaa kofia yake ndefu ya vito ndipo aliponifikia begani. Akasema kwa sauti ya kusikika mpaka shimo la kwanza, "Huyu ni mwanafunzi wangu. Mwenye kucheka na aje apige, nami nipate kumcheka." Hakuna aliyekuja. Akaniletea kiti chake, nikakaa nikapumua, naye akasimama saa nzima. Mtu aliyekufanyia hivyo humwachi kwa sababu ya mpira.

Ndiyo maana jambo la mtandio liliniuma kuliko yote.

Ilikuwa Idi, mwaka wa saba. Mkewe, ambaye nilikuwa nimemwona mara mbili tatu tu, alikuja nyumbani kwetu na kifurushi cha karatasi. Ndani yake mlikuwa na mtandio alioushona mwenyewe, wa pamba, rangi ya kijivu, uliokatwa ukakaa kichwani vizuri, na chini ya kidevu una vifungo vitatu vidogo. Mzuri, sikatai. Lakini yule mama alipokuwa akivaa viatu mlangoni akasema, "Mwalimu asema uuvae ukenda uwanjani."

Nilimshukuru, nikafunga mlango, nikabaki nimesimama na ile karatasi. Kila mtu mjini alikuwa na la kusema kuhusu nguo zangu. Shangazi zangu, imamu mmoja, mwenye duka la mkate. Nilivaa kanzu ndefu juu ya suruali na mtandio wangu wa kawaida, niliouzungushia shingoni na kutupia begani, kama nivaavyo kazini, na sikuona aibu ndani yake. Mtu mmoja tu katika kisiwa hiki alikuwa hajawahi kunisemea nguo. Na sasa hata yeye, kupitia kwa mkewe, ananitumia vifungo. Nilikikunja kile kitambaa nikakisukuma chini kabisa kabatini, chini ya mapazia ya zamani. Jumamosi iliyofuata nilikwenda na mtandio wangu ule ule. Alinitazama kichwani mara moja, akatazama bendera.

"Tena," akasema, kabla hata sijapiga.

Tangu siku ile nilimsalimia kwa ufupi. Naye hakuuliza.

Mwaka uliofuata kamati ya uwanja ilikutana. Kulikuwa na kijana kutoka Nairobi, mwalimu mwenye vyeti, ana kamera ya kumpiga mtu picha anapocheza na kumwonyesha papo hapo. Pesa za walimu wawili hazikuwapo, na uwanja wa mazoezi ulikuwa mmoja. Ama abaki Mwalimu, ama aje kijana. Nami nilikuwa kwenye kamati, mwanamke peke yangu, naandika kumbukumbu na kumimina chai. Wengi hawakutaka kumgusa mzee. Walikuwa wanazunguka zunguka, wanamsifu, wanakula sambusa. Basi Kepteni wetu, mkuu wa uwanja, mtu asiye na ubaya, akanigeukia.

"Wewe ndiye uliyekaa naye sana. Miaka minane. Mpira wako waenda wapi?"

"Baharini," nikasema. Wote wakacheka.

Ningeweza kuishia hapo. Lakini niliukumbuka mtandio, nikazikumbuka zile alfajiri, nikakumbuka ile bendera aliyoitazama badala ya kunijibu, na ulimi ukanitoka: "Hajui kufundisha. Anajua kukaa kitini tu."

Hawakucheka tena. Kepteni alitazama kikombe chake. Nikaandika maneno yangu mwenyewe kwenye kumbukumbu, kwa mkono wangu, na kufikia mwisho wa mwezi Mwalimu hakuwapo. Sikuwapo siku aliyoondoka. Walinisimulia kwamba hakuchukua chochote ila kile kiti, akakipakia kwenye tuk-tuk, miguu juu.

Kijana alikuwa na heshima na nilimpenda. Zamu yangu ilipofika alisimamisha kamera yake kwenye miguu mitatu, akaniambia nipige mipira mitano. Upepo ulikuwa mkali siku hiyo. Nikapiga, yote mitano ikaenda kulia. Akaniita kwenye kioo chake kidogo.

"Mama, ona hapa," akasema. Akaisimamisha picha.

Nilijiona. Fimbo imeshaanza kushuka, upepo umeinua ncha ya mtandio, na bega langu la kushoto linapanda juu kwenda kuubana chini ya kidevu. Bega likipanda, kiwiko kinakunjika. Kiwiko kikikunjika, fimbo inavutwa ndani na uso wake unabaki wazi, unatazama kulia, na mpira hauna budi kuufuata. Akanionyesha ya pili, na ya tatu. Bega, kiwiko, uso wa fimbo. Kila mara. Nilikuwa naushika mtandio wangu usinianguke mbele za watu, na mwili wangu ulikuwa unafanya hivyo peke yake, bila ya kunitaka ruhusa.

"Ni mtandio tu, mama," akasema kijana. "Upepo ukipuliza, unaukimbilia."

Upepo. Nilikaa chini pale pale kwenye nyasi. Kijana alidhani ni jua, akakimbilia maji.

Nilikwenda nyumbani nikafungua kabati, nikatoa mapazia, nikakuta kitambaa cha kijivu bado kiko kwenye mikunjo yake. Kesho yake nilikivaa, nikafunga vifungo vyote vitatu, nikaenda moja kwa moja kwenye shimo la tatu wakati upepo uko macho. Mpira ukaondoka. Nikangoja upinde. Haukupinda. Ulikwenda mbele mpaka ukaanguka katikati ya nyasi fupi, ukadunda mara mbili, ukatulia. Nimeungoja mpira ule miaka minane, na ulipokuja sikufurahi hata kidogo. Niliona haya, na nilikuwa na hasira na Mwalimu kuliko siku nyingine yoyote.

Nilimwandikia Kepteni barua, nikakana maneno yangu yale, nikaeleza kila kitu, vifungo na yote. Kamati ilichukua muda wake, kama kamati zinavyofanya. Nilirudia kuwauliza mpaka wakawa wananikimbia. Mwishowe walikubali: Mwalimu arudi, awe na asubuhi zake, kijana awe na jioni. Waliandika kwa karatasi ya uwanja, na muhuri. Nikasema barua hiyo nitaipeleka mwenyewe.

Nilishuka tuk-tuk mwanzo wa Mji wa Kale, nikaingia vichochoroni kwa miguu, nikiuliza nyumba. Kichwani nilikuwa na mtandio wa kijivu, na mkononi barua, na kifuani maneno niliyoyapanga njia nzima. Mkewe alinifungulia, akaniona kichwa, akatabasamu, akanipeleka ua wa ndani. Mwalimu alikuwa amekaa kwenye kiti kile kile. Nilisimama mbele yake hatua mbili, jua likiwa limenipiga usoni.

"Nani?" akauliza.

Nilidhani ananitania, au amenikasirikia. Halafu niliyaona macho yake. Yalikuwa na ukungu, na yalitazama kando kidogo ya mahali nilipokuwa.

"Ni mimi, Mwalimu. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Mpira wenda wapi siku hizi?"

"Mbele."

Akainua kichwa. "Tangu lini?"

"Tangu nilipovaa mtandio wako."

"Wa mke wangu," akanirekebisha. "Mimi sikushona."

Nikamwambia la kamati, maana nilijua nikinywa chai kwanza sitalisema. Nikamwambia ni mimi niliyesema hajui kufundisha.

"Najua. Waliniambia."

"Hukukasirika?"

"Nilikasirika sana! Ijumaa ile sikula biriani. Muulize huyu."

"Alikula," akasema mkewe.

Hapo ndipo maneno yote niliyoyapanga yalipokimbia, na yakabaki yale ambayo sikuyapanga. "Miaka minane, Mwalimu! Neno moja! Ungesema 'mtandio' tu, ningeufunga, yakaisha. Wanaume wewe wawaambia matumbo yao. Mimi wanionyesha bendera! Kwa nini hukunambia?"

"Ningekwambiaje?" Naye alipandisha sauti, na sikuwahi kumsikia akipandisha. "Nisimame mbele ya wale wabeba mifuko nikwambie mimi nakutazama kidevuni? Nakutazama kwapani? Wewe u mwana wa watu, umefiwa, umekuja pale watu washakucheka. Nikisema neno hilo, kesho yake lazunguka Bondeni nzima: yule mzee kazi yake ni kuwatazama wanawake. Ungerudi wewe? Usingerudi. Nikasema basi, heri mpira upinde. Nikamwambia mke wangu akwambie."

"Uliniambia nimpe," akasema mkewe, taratibu. "Hukuniambia nimwambie sababu."

 Mwalimu aligeuza kichwa upande wa mkewe, na nilimwona akiirudia siku ile ya Idi neno kwa neno, na nikaona alipofika.

"Lo," akasema.

Nikaitoa barua. Nilimwambia wanamrudisha, ana asubuhi zake, kwa karatasi na muhuri. "Nisomee," akasema. Nikamsomea.

"Tena."

Nikamsomea tena, polepole. Akanyoosha mkono, nikampa, akaikunja mara nne kama alivyokuwa akikunja kitaulo chake, akaitia mfuko wa kanzu.

"Waambie ahsante. Waambie nimefurahi sana. Lakini kazi yangu ilikuwa ni kutazama, mwanangu, na macho yamekwenda. Yalianza kwenda baada ya Ramadhani. Mlango nauona. Wewe nakuona kama nguo iliyoanikwa."

Nilihesabu bila kutaka. Alipoondoka uwanjani, kabla ya Ramadhani hiyo, bado alikuwa anaona. Miezi yake ya mwisho ya macho aliimaliza hapa, kwenye ua huu, akitazama ukuta, kwa sababu ya neno langu nililoliandika mwenyewe. Nilijaribu kusema samahani na neno halikutoka sawasawa. Mkewe alinishika mkono. Yeye Mwalimu alikuwa anapapasa ukutani nyuma ya kiti. Akatoa fimbo ya zamani, mpini wake umefungwa kwa kamba.

"Twaa," akasema. "Simama hapo kati, usinivunjie mitungi. Piga hewa."

"Mwalimu, mimi sikuja kupiga."

"Piga, mwanangu."

Nikapangusa macho, nikapiga hewa. Fimbo ikavuma. Yeye aliinamisha kichwa, sikio lake likinielekea, na uso wake ukafunguka, jambo ambalo katika miaka yote ile sikuwahi kuliona.

"Sasa sikuoni," akasema. "Mke wangu yupo, mlango uko wazi, na mimi sikuoni. Sasa naweza kukwambia."

Akaniambia. Aliniambia kwamba mguu wangu wa kushoto hufunguka mapema, tangu mwaka wa kwanza. Kwamba nyonga yangu hukawia, huiachia mikono kazi yote. Kwamba nikikasirika huushika mpini kama ninanyonga kuku, na kwamba mimi hukasirika kila mara. Kwamba siku niliyokuja na kanzu ya kijani ndiyo siku niliyopiga vizuri kuliko zote, kwa sababu mikono yake ilikuwa mipana, na alitaka kuniambia niivae tena lakini haikusemeka. Kwamba kidevu, kwamba goti, kwamba pumzi. Miaka minane alikuwa ameyaweka yote, moja moja, na sasa aliyatoa bila kusita, kwa ulimi ule ule aliokuwa akiwapa wanaume, na mkewe alikuwa amejifunika mdomo kwa ncha ya leso kwa kicheko. Mimi nilisimama pale na fimbo yake, nalia, na nimekasirika, na sikutaka anyamaze.

Alipomaliza aliegemea, waya wa kiti ukalia. Nilingoja aseme neno lake. Hakulisema. Alikaa tu na sikio lake limenielekea, anasubiri.

Nikaurudisha mguu wa kushoto mahali pake, nikainua fimbo bila kuambiwa.